Mbwa Wawili Kando ya Tana

Mbwa hawapandi basi. Nimeishi Garissa maisha yangu yote bila kulifikiria jambo hilo, mpaka Jumatano moja rafiki yangu aliporudi kutoka stendi, akaketi mbele yangu katika chumba cha walimu na kukisukuma pembeni kikombe chake cha chai. Alikuwa amekwenda kuuliza kama anaweza kusafiri na mbwa wake wawili. Karani wa tikiti alicheka kwanza. Alipoona mwalimu hacheki, akamweleza kwa upole kwamba mbuzi wanaruhusiwa kwenye buti, kuku pia, lakini akipandisha mbwa abiria wote watashuka, na wa kwanza kushuka atakuwa dereva.

Barua yake ya uhamisho ilikuwa imefika wiki mbili kabla. Alikuwa mtu wa Kitui, mwalimu wa kemia, na kwa miaka yote wenzake kutoka nje ya kaunti walipokuwa wakiondoka mmoja mmoja, yeye alibaki. Sasa naye alikuwa anakwenda Machakos kwa mkewe, kwenye chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, ambacho mwenye nyumba hataki kuona hata paka. Safari ilikuwa Jumatatu. Kabla ya Jumatatu mbwa wale walihitaji kupata pa kukaa. La sivyo angewapeleka kwa daktari wa mifugo wadungwe sindano, maana hakutaka kuwaacha wazurure, wapigwe mawe, na mwisho wafie nyuma ya kichinjio.

"Nimeshaongea na daktari," aliniambia. "Anasema hawatasikia uchungu."

Niliinuka nikaenda dirishani. Nikarudi nikaketi. Nikainuka tena. Alikuwa ameshamwuliza mlinzi wa shule, akakataa. Aliwauliza watu wa kanisani, nao walikuwa na mbwa wao wanne. Aliwauliza polisi wa kambi iliyo karibu na daraja, wakasema wataona, na wiki ikapita wakiwa bado wanaona. Alinitajia majina yote hayo huku nikimwangalia mdomo, nikisubiri langu. Halikuja. Nilishukuru Mungu kwamba hakuniuliza, na papo hapo nikaona uchungu kwamba hakuniuliza.

Mimi si mtu wa kutulia. Hata mazishini husimama nyuma ili nipate nafasi ya kwenda huku na huku. Mama yangu, ninayeishi naye mtaa wa Waberi, husema nilizaliwa njiani kati ya kisima na kambi, ndiyo maana mpaka leo sijafika. Nafundisha Kiswahili, kazi ambayo ndugu zangu waliiona mzaha, Msomali kuwafundisha Wasomali lugha ya kununulia nyanya. Nimezoea kuchekwa. Kisichozoeleka ni kukaa kitako.

Miaka sita kabla ya barua hiyo, daktari alinipima akasema sukari imepanda, na kwamba nisipotembea kila wiki atanipa dawa za maisha. Ni rahisi kwa daktari kusema. Hapa kwetu mtu mzima hatembei bila sababu. Ukionekana unatembea tu, watu wanakuuliza gari limekuharibikia wapi. Siku ya kwanza nilipojaribu kufuata barabara ya lami, magari matatu yalisimama kunipa lifti, na jioni shemeji yangu akampigia mama simu kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Wiki iliyofuata nikateremka mtoni, mahali pasipo na wa kuniuliza, na huko nikamkuta mwalimu wa kemia na mbwa wake.

Nilikuwa karibu kugeuza. Tulikuwa tunafundisha shule moja, tunasalimiana, hatuna zaidi. Akaona ninavyowakwepa mbwa kwa kupanda juu ya ukingo, akaniuliza bila kuzunguka, "Mwalimu, tatizo ni mbwa au ni kitu gani?"

Nikamweleza. Kwetu mbwa mkavu akipita karibu hana neno. Mate yake, au mwili wake ukiwa umelowa, ndiyo najisi. Akikugusa hivyo, panapoguswa paoshwe mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo uswali. Mtu mwingine angecheka au angeanza ubishi. Yeye alilichukua kama somo la maabara.

"Kwa hiyo tatizo ni maji."

"Ni maji."

"Basi nitakuwa nakuambia wakilowa."

Na kweli alikuwa ananiambia. Kila Jumamosi kwa miaka sita, mbwa wakitoka mtoni, alipaza sauti, "Wamelowa," nami nikapanda ukingoni nikatembea huko juu peke yangu. Jua la Garissa halichelewi. Baada ya robo saa alipaza tena, "Wamekauka," nikashuka tukaendelea na mazungumzo pale tulipoyakatia. Tulizungumza kwa vipande hivyo hivyo. Kuna habari za ndoa yake nilizozipata nusu asubuhi moja na nusu nyingine baada ya mbwa kukauka.

Mbwa wenyewe walikuwa na majina, ila mimi sikuwahi kuyatamka. Kumwita mbwa kwa jina niliona ni kama kumkaribisha nyumbani. Dume alikuwa mkubwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, mbwa asiyemjali mtu wala asiyetaka kujaliwa. Huyo tulielewana. Jike alikuwa mdogo, mweupe mwenye mabaka meusi, umri umemwingia, mguu mmoja wa nyuma unachechemea. Upendo wake haukuwa na adabu. Aliona mtu yeyote akamwendea na ulimi nje, hata mtu anayekimbia. Kwa miaka sita nilitembea na fimbo, si ya kumpiga, ni ya kuweka kati yetu.

Siku ya Alhamisi nikakumbuka mjomba wangu. Ana shamba kando ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka darajani, la ndizi, tikiti na nyanya. Nyani walikuwa wamemtia wazimu. Kila aliponipigia simu alikuwa analalamika juu ya nyani kabla hata ya kunijulia hali. Nikampigia, nikamwambia kuna mbwa wawili. Akauliza wanabweka au wanapendeza tu. Nikasema wanabweka. Akasema, "Walete niwaone."

Nilijiona shujaa. Nilimwambia rafiki yangu pale pale koridoni, akanishika bega kwa nguvu, na siku nzima iliyobaki sikuweza kuketi darasani. Nilifundisha ngeli nikizunguka kati ya madawati mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana.

Jumamosi tulianza mara baada ya swala ya alfajiri. Njia ile huanzia chini ya daraja, ikapita nyuma ya mashamba ya watu, kati ya maji na vichaka vya mathenge. Miiba ya mathenge hutoboa raba ikakufikia mfupa, kwa hiyo macho lazima yawe chini. Mafuriko yaliyopita yalikuwa yameikata njia mahali pawili, na pale tulilazimika kupanda juu, kuzunguka, kisha kushuka tena kwa kushika mizizi. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na haukuwa na sauti. Upande wa pili mamba wawili walikuwa wamelala kwenye mchanga, na rafiki yangu akawafunga mbwa kamba mpaka tulipowapita. Hakuna aliyekuwa huko isipokuwa sisi, ndege, na mlio wa pampu za maji zikianza kuwashwa moja moja.

Kwa kawaida ukimya ule hunituliza kidogo. Siku hiyo haukunituliza. Nilikuwa natangulia mbele, nasimama, narudi nyuma kuona kwa nini wamechelewa, natangulia tena. Nilitazama simu kila dakika tano ingawa hakuna mtandao. Rafiki yangu alitembea polepole kuliko siku zote. Alisimama kwenye kila mti aliokuwa na habari nao. Hapa dume alifukuza ngiri akarudi na sikio limechanika. Hapa jike aliteleza akaumia mguu. Nilijua anaaga. Kuagwa kwa njia hiyo kulinichosha, nikamwambia jua linapanda, twende.

"Twende," akasema, akaendelea kusimama.

Mjomba tulimkuta ameinamia pampu, mikono imejaa oili mpaka viwikoni. Si mzee wa kukaa kivulini. Ana simu mbili na zote huita kwa wakati mmoja. Akamsalimia rafiki yangu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akawaangalia mbwa kama anavyoangalia ngamia mnadani, kwa kuwazunguka kwanza bila kusema kitu.

"Hii kubwa iko fizuri," alisema. "Hii kidogo ni mzee?"

"Ana umri, lakini ana masikio mazuri kuliko huyu," rafiki yangu akamjibu. "Yeye ndiye huwa anasikia kwanza. Huyu mkubwa hubweka baada yake."

"Wanaenda bamoja?"

"Wameishi pamoja siku zote, mzee. Ukiwatenganisha sijui watakuwaje."

Mjomba akafikiri. Kama waliokuwa wameagizwa, nyani wakatokea mwisho wa shamba, pale nyanya zilipokuwa zinaiva. Jike akainua kichwa kabla yetu sote. Akabweka mara moja. Dume akatoka mbio kupita mistari ya nyanya bila kukanyaga hata mche, na nyani wakapanda miti wakipiga kelele. Mjomba alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona anacheka shambani. Akamwambia rafiki yangu, "Sawa mwalimu. Wakae mbili yote. Lakini huko kwa bambu, si hapa kwa nyumba."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo ningetakiwa kutulia.

Wao wawili wakaenda kuangalia mahali pa kujenga kibanda cha mbwa, kando ya pampu. Nilibaki mbele ya nyumba ya mjomba, chumba kimoja cha mabati, nikiwa na furaha isiyonipa raha. Nilitembea mpaka kwenye migomba nikarudi. Nilitaka kuketi na hapakuwa na pa kuketi ila kigogo kimoja kirefu, na juu ya kigogo kulikuwa na dumu lililokatwa mdomo, limejaa maji. Nikalishusha chini, nikakaa. Sikukaa hata dakika mbili. Niliona kenge akipita kwenye mfereji, nikainuka kumfuata nione anaingia wapi.

Niliporudi, jike alikuwa amekwisha kuwaacha wenzake na kuja kunitafuta. Kichwa chake kilikuwa ndani ya dumu. Alikunywa kwa kelele, mkia ukienda, na aliponiona akainua uso unaochuruzika akanijia.

Lile lilikuwa dumu la mjomba la kutawadhia. Ndiyo maana lilikuwa juu ya kigogo.

Mjomba aliona kutoka kwenye pampu. Alikuja bila haraka. Akamwaga maji, akachota udongo, akausugua ndani ya dumu kwa kiganja chote, pande zote, chini, ukingoni, kisha akalipeleka kwenye bomba. Aliosha akihesabu kwa sauti, kow, laba, saddex, na kila hesabu akamwaga nje maji yote kabla ya kuchota mengine. Sisi tulisimama. Rafiki yangu alikuwa amemshika jike kwa ukosi wa shingo na alikuwa anahesabu pia, midomo ikicheza, maana hesabu hiyo niliwahi kumfundisha. Sijawahi kuona hesabu ya mpaka saba ikawa ndefu namna ile.

Alipomaliza, mjomba aliuliza kwa Kisomali, bila kumtazama mtu, "Dumu hukaa juu ya kigogo. Nani alilishusha?"

"Sijui," nikasema.

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, na nilisema sijui kama mtoto wa darasa la pili. Mjomba akalirudisha dumu juu ya kigogo. Kisha akamwambia rafiki yangu kwa Kiswahili, "Kubwa ibaki. Hii habana. Hii inabenda watu sana. Mimi naswali hapa mara tano, siwezi kaa kufukuza yeye kila saa." Hakusema kwa ukali. Rafiki yangu akajibu, "Naelewa, mzee," na najua kweli alielewa.

Akaenda kumfunga dume kwenye kamba mpya kando ya pampu. Mjomba akabaki nami. Akaendelea kwa Kisomali, akifuta mikono.

"Abti, huyu mbwa mdogo unampeleka wapi?"

Sisi mjomba na mpwa huitana abti, yeye mimi na mimi yeye. Nikamwambia anapelekwa kwa daktari wa mifugo, mchana huu, kudungwa sindano.

"Na wewe una mbuzi kumi na mmoja nyuma ya nyumba ya mama yako."

"Mama anaswali mle ndani. Unajua yasemwayo, malaika hawaingii nyumba yenye mbwa."

"Mbuzi wanalala chumbani kwa mama yako?"

Nikageuka kuangalia migomba.

"Mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba hawana shida katika dini, hilo nilikufundisha mimi mwenyewe ukiwa hujui kuvaa viatu. Babu yako alikuwa na mbwa wa kulinda mbuzi. Mama yako alimtupia mabaki kila jioni kwa mkono wake. Mimi nimemkataa huyu kwa sababu sina muda wa kumfukuza kila saa, nimesema hivyo mbele ya rafiki yako. Wewe usiiweke dini mbele. Sema unaogopa watu wa Waberi." Simu zake zote mbili zikaita, akachukua moja akaenda zake.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimkasirikia mjomba kwa kuwa alikuwa na haki, nikamkasirikia jike kwa kiu yake, nikawakasirikia jirani zangu wote wa Waberi kwa maneno ambayo walikuwa hawajayasema bado.

Kurudi kulikuwa kubaya. Dume alibweka tulipoondoka, akabweka mpaka tulipopinda, na jike alisimama kila hatua kumi kutazama nyuma. Mwishowe rafiki yangu akambeba. Mtu mzima, mwalimu wa watahiniwa, amembeba mbwa mzee kifuani kama mfuko wa unga, anaruka mizizi naye. Mimi nilitangulia mbali. Niliwaza kwamba nikienda haraka tutafika haraka, na tukifika haraka litakwisha. Kisha nikakumbuka litakavyokwisha, nikapunguza mwendo. Halafu nikaongeza tena.

Mahali pa pili ambapo mafuriko yalikata njia nilisimama nikamsubiri, maana asingeweza kupanda akiwa amebeba. Alifika anahema, shati limemganda.

"Ni mimi niliyeshusha lile dumu," nikasema.

"Nilikuona."

"Uliniona ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ulitaka kuketi." Akamweka jike chini. "Wewe kuketi ni habari kubwa, Mwalimu."

Tulicheka, kicheko kidogo kilichokatika chenyewe. Jike akateremka majini kunywa. Nikamtazama rafiki yangu akifuta jasho, nikamwuliza kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu Jumatano.

"Umeuliza mlinzi. Umeuliza kanisa. Umeuliza hata polisi. Mbona mimi hukuniuliza?"

Alikunja mikono ya shati, akaikunjua.

"Ningekuuliza ungekataa," alisema. "Usingekuwa na la kufanya. Na baada ya kukataa ungeona haya, na ungeacha kuja Jumamosi. Nilikuwa na Jumamosi moja imebaki. Sikutaka kuitembea peke yangu."

Yaani alikuwa ameweka mizanini mbwa wake na mwendo wetu, akachagua mwendo, na mimi siku nzima nilikuwa nauharakisha uishe. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu baba yangu afe kabla sijafika hospitalini.

"Niulize," nikamwambia.

"Usifanye hivyo kwa sababu naondoka."

"Niulize tu."

Akaniuliza. Nilisema ndiyo, na sauti yangu ilitoka kwa hasira, kana kwamba tunagombana. Akanitazama kama anayesubiri nibadilishe. Kisha akafungua kamba kiunoni mwake, akamvisha jike aliyekuwa anatoka mtoni amelowa chapachapa, akaninyooshea ncha yake. Kamba ilikuwa na maji na mate. Niliipokea. Sabuni zipo, udongo upo, mto huu hapa. Kuosha ni kazi ya dakika kumi.

Tuliachana chini ya daraja. Alisema ataenda moja kwa moja bila kugeuka, maana akigeuka jike hatamsahau. Alifanya hivyo. Jike alivuta. Sikujua mbwa mzee mwenye mguu mbovu anaweza kuwa na nguvu zile. Alivuta mpaka kamba ikanichuna kiganja, na sauti aliyoitoa sitaki kuieleza hapa.

Waberi walisema yote niliyoogopa watayasema, kisha wakahamia habari nyingine. Mama alisimama mlangoni, akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akaingia ndani. Hakunisemesha siku tatu. Alimsemesha mbwa. Nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia kwa Kisomali kwamba mbuzi yule mweusi ni mkorofi asimkaribie, na kwamba mwanawe hajui kujenga ua.

Jike alilala kando ya ua wa mbuzi akiuelekeza uso kwenye lango. Hakula. Nilimpa ugali na mchuzi, nikampa mifupa, nikampa maziwa ya ngamia ambayo mama aliyaacha nje bila kusema ni ya nani. Kila asubuhi nilikuta sahani imejaa vile vile na sisimizi juu yake. Nilitoka kazini saa sita kwenda kumwangalia, nikarudi, saa kumi nikaenda tena. Nilimwita kwa jina lake, lile nisilokuwa nikilitamka. Alipiga mkia mara moja ardhini, akabaki anatazama lango.

Jumatano alasiri rafiki yangu akapiga simu kutoka Machakos. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya sahani. Alinieleza juu ya ngazi za ghorofa, juu ya mtoto wake anayelia akimwona kwa sababu hajamzoea, juu ya shule mpya yenye maabara ya kweli. Nilijua anazunguka. Kisha akauliza.

"Anakula?"

"Anakula," nikasema. "Anakula vizuri sana."

Akaniita kwa upole.

"Mwalimu, usinidanganye. Mwenyewe wa kwanza aliponiachia wote wawili, huyo hakula wiki nzima. Hivyo ndivyo alivyo. Atakula, mpe muda."

Nikasema nitampa muda. Nilidhani ataaga. Nikamsikia akivuta pumzi, na nyuma yake magari ya mji nisioujua.

"Na wewe," akauliza, "unakula?"

Nikamwambia ninakula.